Kadi ya Mashine Namba Tatu

Wodi ya majeruhi wa moto
Jumanne, 11 Februari

Shikamoo kaka,

Barua zangu zote huwa naanza kwa kukuambia mimi mzima, wasiwasi ni kwako uliye mbali. Leo maneno hayo sinayo, kwa hiyo niingie kwenye jambo lenyewe. Niliungua kazini Alhamisi iliyopita. Niko hai, na macho yote mawili yanaona. Shika hayo kwanza, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Nimeandika badala ya kusubiri upate mtandao kwa sababu daktari amenikataza kuongea. Nikifungua mdomo, ngozi ya shingo inavutika kama nguo iliyopungua kwa kufuliwa. Wewe uliyenipa jina la Chiriku ungeshangaa. Siku tano sijasema sentensi nzima, mimi niliyekuwa napiga soga mpaka na mashuka.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa kwenye mashine namba tatu ya kupigia pasi, ile uliyonifundisha mwenyewe wiki uliyoniingiza kiwanda cha kufulia. Mimi naingiza mashuka, Mama Pacha yuko upande wa pili anayapokea. Mzigo ulikuwa wa hospitali, mashuka mia tatu yatoke kabla ya chakula cha mchana. Mashine ikaanza kutetemeka. Nikamwambia Mama Pacha, "Hii leo ina homa." Akaniambia, "Kamweleze Bwana Kesho." Tukacheka. Si unajua tunavyomwita meneja, maana ukimpelekea kibovu chochote jibu lake ni kesho. Tulikuwa bado tunacheka bomba la mvuke lilipoachia pale kwenye maungio, usawa wa bega langu.

Mwanzoni sikusikia maumivu. Nilisikia mlio, kama lori limefunga breki ndani ya sikio. Kisha kila kitu kikawa cheupe, nikadhani nimeangukiwa na shuka, nikawa najaribu kulitoa usoni. Hapakuwa na shuka. Mama Pacha alinivuta kwa kamba ya aproni, akanimwagia maji ya kudekia sakafu, ndoo baada ya ndoo, mpaka gari likaja. Daktari anasema maji yale machafu ndiyo yaliyoniokolea jicho.

Ni upande wa kushoto: shavu, sikio, shingo, bega, na mkono hadi kwenye kiwiko. Sijajiona. Wodi hii haina kioo hata kimoja, na nimeanza kuelewa kwa nini.

Mama yuko na mimi kila siku. Mpwa wako haruhusiwi kuingia, wanasema miaka minne ni midogo kwa wodi hii. Usiache kazi mpya ukaja mbio. Andika tu.

Mdogo wako,
Chiriku


Kambi ya mradi wa umeme
Ijumaa, 21 Februari

Marahaba mdogo wangu,

Barua yako imeletwa jana na gari la mahitaji. Niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini kwenye kokoto. Wenzangu waliniuliza nani amefariki. Niliondoka nikaenda kujifungia stoo ya vipuri.

Sijui nikuambie nini. Mikono yangu imezoea spana, kalamu hainikai. Pole ni neno dogo mno, lakini lipokee.

Nina maswali, unisamehe yakionekana ya kifundi. Ile saa ya kupimia nguvu ya mvuke, mshale wake ulikuwa wapi asubuhi ile? Na valvu ya usalama, kile kidude cha juu kinachotoa mvuke ukizidi, kilipiga mluzi au kilikaa kimya? Kuna mtu amekuletea karatasi yoyote? Kuna mtu amezungumzia kadi za ukaguzi?

Kwa sasa usimjibu mtu lolote kuhusu mashine. Yeyote yule. Pona kwanza.

Kidogo nilichopata nimemtumia mama kwa ajili ya dawa. Huku milima imetuziba, simu ni pambo tu. Barua hutoka Ijumaa.

Kaka yako


Nyumbani
Jumapili, 30 Machi

Shikamoo kaka,

Nimerudi nyumbani. Mama aliondoa kioo cha sebuleni kabla sijafika, akasahau kile kidogo cha kwenye kabati la vikombe. Nilikwenda kuchukua kikombe, nikamwona mwanamke amesimama ndani ya kabati. Kaka, niligeuka nyuma kumtafuta. Niliamini kabisa kuna mtu ameingia.

Makovu hayajalala. Yamevimba, mekundu, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na kuanzia sikioni kwenda begani yamejikunja kama kamba. Daktari anasema ngozi yangu ni ya aina inayovimba ikipona, na bila upasuaji shingo itazidi kuvutwa upande mmoja. Mwanangu alipoingia alisimama mlangoni, akanitazama, akamuuliza bibi yake kwa adabu kabisa, "Mama atakuja saa ngapi?" Nikamwita kwa jina lake la kitandani ambalo ni mimi tu ninayemwita. Alitambua sauti. Akaja akiwa amefumba macho.

Umeniuliza maswali, nakujibu. Mshale wa ile saa ulikuwa umelala. Hausogei siku nyingi, sote tulijua imekufa. Valvu haikupiga mluzi. Na fundi wa kuchukua nafasi yako mpaka leo hajaletwa.

Sasa soma hii. Imeletwa na dereva wa kiwanda, nimekunakilia kama ilivyo:

"Kuhusu ajali ya tarehe 6 Februari. Uongozi unakupa pole. Hata hivyo, kumbukumbu zetu zinaonyesha kuwa mashine husika ilikaguliwa na fundi mwenye leseni tarehe 22 Januari na kuthibitishwa kuwa salama. Kwa hiyo ajali ilitokana na mtumiaji kutofuata utaratibu wa uendeshaji. Kwa kuzingatia utu, uongozi uko tayari kukulipa mishahara ya miezi mitatu, kwa sharti kwamba utasaini fomu iliyoambatishwa kukiri kuwa huna dai lingine lolote sasa na baadaye. Ofa hii ni ya siku thelathini. Wako, Meneja."

Nilisoma mara nne. Mtumiaji ni mimi. Yaani nimejichoma mwenyewe.

Mama Pacha alinipeleka kituo cha msaada wa sheria. Kuna wakili pale, mama mmoja mfupi anayevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Anasema huu ni uzembe wa mwajiri na fidia ni haki yangu, ila lazima ivunjwe hiyo hadithi ya ukaguzi. Anataka fundi anayeijua mashine aeleze kwa maandishi. Nikamwambia, "Mama, fundi ninaye, tumbo moja." Akafurahi. Kwa hiyo kaka, kazi ni kwako. Tarehe 22 bado ulikuwepo. Nani huyo alikagua?

Chiriku


Kambini
Ijumaa, 11 Aprili

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako na ya kiwanda.

Nimewaza sana kabla ya kushika kalamu. Ushauri wangu ni uchukue hiyo miezi mitatu. Najua hutapenda. Lakini wewe hujui kesi, kesi inakula miaka. Watakusimamisha mbele ya watu, watakuuliza ulisimama wapi, ulishika nini, ulicheka na nani. Watamtisha Mama Pacha atafukuzwa. Mwishoni unaweza kutoka mikono mitupu. Ukisaini, mambo yanaisha, na mimi nitaongezea kila mwezi mpaka upasuaji ufanyike. Nakuahidi hilo kama kaka.

Kuhusu kuandika maelezo ya kifundi, sidhani kama mimi nafaa. Nimeshatoka pale, watasema natetea ndugu yangu. Mwambie wakili atafute mwingine.

Fikiria mtoto. Fikiria amani ya mama.

Kaka yako


Nyumbani
Jumamosi, 19 Aprili

Kaka,

Mama alinisomea barua yako kwa sauti kwa kuwa nilikuwa nimepakwa dawa. Alipofika kwenye "uchukue" alirudia mstari ule, akaniuliza, "Huyu ni mwanangu kweli?"

Sijasaini, na sisaini. Nilidhani utakuwa wa kwanza kupanda gari ukaja kumshika Bwana Kesho kola. Wewe uliyewahi kugombana na dereva mzima kwa sababu alinichafulia sare ya shule kwa tope. Leo nimechomwa nusu ya uso unaniambia nifikirie amani.

Wamekupa nini? Naomba unijibu hilo kwa ufupi. Maana nimepekua kichwa changu chote sikupata sababu nyingine.

Wakili ameandikia kiwanda kudai nakala za kadi za ukaguzi. Wasipotoa, ataomba amri ya mahakama. Fundi mwingine atapatikana, usijisumbue.

Chiriku


Nyumbani
Jumatatu, 28 Aprili

Mwanangu,

Hii barua naandika mimi mama yako, mdogo wako hajui. Mwandiko wangu unaujua, vumilia.

Nimekuzaa, nimekulea, nakujua ukiwa na kitu rohoni. Ulipovunja redio ya baba yako ulikataa kula siku mbili ukasema tumbo linauma. Barua yako ya mwisho ilikuwa na tumbo linauma.

Sikuulizi kitu. Ila huyu mtoto kila asubuhi ananyoosha shingo ukutani kama alivyoagizwa na daktari, machozi yanamtoka na hapigi kelele. Halafu anakaa mezani anaandika tena kwa wakili. Mtu anayepigana hivyo hafai kupiganishwa na giza. Kama kuna kitu, mwambie wewe kabla hajaambiwa na wengine.

Mama


Kambini
Ijumaa, 9 Mei

Mdogo wangu,

Hakuna aliyenipa kitu. Ingekuwa rahisi zaidi kama wangenipa.

Fundi mwenye leseni aliyekagua tarehe 22 Januari ni mimi.

Sikukagua. Kiwanda kilikuwa kimepitisha miezi mitatu bila ukaguzi. Nilikuwa nikiomba mashine zizimwe, meneja anasema kesho, mzigo wa hospitali hauwezi kusubiri. Kazi ya huku ilipopatikana, walitaka barua ya utumishi kutoka kwa mwajiri wa zamani, na walitaka iwafikie kabla ya mwisho wa mwezi. Nilikwenda ofisini kuichukua. Ilikuwa imeshapigwa chapa, iko mezani. Pembeni yake kulikuwa na bunda la kadi. Meneja akasema, "Malizia hizi tu, fundi, wakaguzi wa serikali wanaweza kuja wakati wowote. Kisha uchukue barua yako uende salama."

Nikasaini zote. Gari lilikuwa linaningoja nje, nilisaini kama mtu anayejaza fomu ya posta, sikuangalia ipi ni ya mashine ipi. Niliandika "valvu imejaribiwa, inafanya kazi" mara saba, na hiyo ya namba tatu imo.

Wiki mbili baadaye wewe ukaungua.

Nilipokuambia uchukue miezi mitatu nilikuwa najificha. Nilijua kesi ikifunguliwa kadi zitatoka. Nimekaa na barua zako chini ya godoro kama mwizi. Barua ya mama ndiyo iliyoninyanyua.

Sasa fanya hivi. Mpelekee wakili barua hii. Ngao ya kiwanda ni saini yangu, na mimi nasema ni ya uongo. Najua kitakachonipata. Acha kinipate.

Sistahili kujiita kaka yako, lakini sina jina jingine.

Kaka


Nyumbani
Jumatatu, 12 Mei

Leo wakili alinionyesha nakala za kadi. Hazina jina, ni saini tu. Aliziweka mezani akaniambia nimtafutie fundi huyu, pengine namfahamu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Sikukidondosha. Nilikiweka chini polepole kabisa, nikaangalia ile saini yenye mkia mrefu.

Wakili akauliza, "Unamjua?"

Nikasema simjui.

Ni wewe. Niambie kama ni wewe.


Nyumbani
Alhamisi, 22 Mei

Kaka,

Barua zetu zilipishana njiani. Yako ya tarehe tisa imefika jana, wakati mimi nimeshakaa siku tisa na saini yako kichwani bila kumwambia mtu. Mama nilimwambia kichwa kinaniuma. Aliniangalia tu.

Nimeisoma. Kisha nikaenda uani nikafua nguo zote za ndani ya nyumba, zikiwemo safi. Mkono wa kushoto haufiki juu, nikawa nakamua kwa mkono mmoja na meno. Mama hakunizuia. Nilipomaliza nikamsomea. Akasema, "Alau amesema mwenyewe."

Mimi sijui kama hiyo "alau" inanitosha. Kwa wiki sita nilikuwa nikimchukia fundi nisiyemjua. Nilimpa sura, nilimpa tumbo kubwa na meno mabaya. Sasa hiyo sura nimeikosa.

Lakini na mimi nimekuwa mwongo, nimemwambia wakili simjui. Leo nilikwenda kumwambia ukweli. Alivua miwani yote miwili. Akasema barua yako peke yake haitoshi, inatakiwa tamko lenye kiapo mbele ya hakimu au wakili wa huko. Akanieleza na upande wako: leseni itasimamishwa, unaweza kushtakiwa, na kazi yako mpya imesimama juu ya ile barua ya utumishi. Akasema, "Uamuzi wa kumwomba ni wako."

Sikuombi. Nimekueleza tu yaliyopo. Ukinyamaza nitaendelea na kesi bila wewe.

Kitu kimoja kimenisaidia kulala kidogo: kwamba hukuangalia kadi. Kwamba ulikuwa na haraka na mkono ulikwenda wenyewe. Hilo naweza kulibeba.

Chiriku


Mjini, karibu na kambi
Ijumaa, 13 Juni

Mdogo wangu,

Tamko limo ndani ya bahasha hii, limegongwa mhuri. Nimesafiri siku nzima kumfikia hakimu. Aliposoma aliniuliza kama nimelazimishwa. Nikamwambia hapana, mara hii sikulazimishwa.

Nilimpelekea nakala mkuu wa mradi kabla hajasikia kwa wengine. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa mkono, akaniambia nirudishe funguo. Sasa nabeba mifuko ya saruji kwa fundi mmoja mwashi hapa mjini. Mwashi mwenyewe ni kijana, ananiita "mzee". Usinionee huruma, nakueleza ili ujue anwani imebadilika.

Siwezi kufika mahakamani, nauli sina na wakili anasema tamko linatosha. Nasema hivyo, lakini sijui kama ni nauli.

Kaka


Nyumbani
Jumatano, 5 Novemba

Kaka,

Sikuandika miezi mitano. Jana kesi ilisikilizwa, na lazima nikueleze kwa mpangilio, nikiruka kitu nitashindwa kurudi.

Chumba kilikuwa kidogo, mabenchi yamejaa. Niliitwa kwanza. Hakimu aliniomba nishushe mtandio ili makovu yaonekane yaandikwe kwenye kumbukumbu. Wakapima kwa futi ya fundi cherehani, kaka, karani akitaja sentimita na mwenzake anaandika. Mtu mmoja nyuma aliguna. Nilimtazama mpaka akainamisha kichwa.

Mama Pacha alikuja. Walishamtisha, kama ulivyotabiri, akaja na kitenge chake kipya na pacha wote wawili. Alisema, "Nilimmwagia maji machafu kwa sababu bomba la maji safi nalo lilikuwa bovu tangu mwaka juzi."

Kisha tamko lako likasomwa. Nilidhani nitalia. Nilikaa kama gogo.

Halafu akapanda Bwana Kesho. Amekonda. Wakili wao alitaka mzigo wote ukuangukie wewe, kwa hiyo akamuuliza kama kweli ulisaini bila kuangalia. Akajibu, na haya ni maneno yake, niliyaandika kiganjani: "Si kweli. Alizipitia moja moja. Ya namba tatu aliiweka pembeni. Akaniambia hii valvu imekufa na mdogo wangu anafanya kazi hapa. Nikamwambia kipuri kinakuja wiki ijayo. Akafikiri, akaivuta, akasaini. Alijua kuliko mimi."

Wakili wangu alisimama pale pale. Hakupandisha hata sauti. Akamuuliza, "Kwa hiyo wewe meneja uliambiwa kuwa valvu imekufa, na kesho yake mashine ikawashwa?" Bwana Kesho akageuka kumtazama wakili wao.

Ndiyo tumeshinda, kaka. Kwa jibu lake lile la kukulaumu wewe. Hakimu amesema uzembe ni wa kiwanda, walijua na wakaendelea. Watalipia upasuaji wote, dawa, mishahara niliyokosa, na fidia ya makovu na maumivu. Mashine zote saba zimefungwa mpaka zikaguliwe. Wewe leseni yako imesimamishwa miaka miwili. Watu walinikumbatia, Mama Pacha alinibeba juu.

Mimi nilikuwa sisikii. Nilikuwa bado pale kwenye "aliiweka pembeni".

Uliniandikia hukuangalia. Nakuuliza mara moja, na unijibu bila kuzunguka. Ulipoisaini kadi ile, ulikumbuka kuwa mimi niko namba tatu?

Chiriku


Mjini
Alhamisi, 13 Novemba

Mdogo wangu,

Nilikumbuka.

Alichosema meneja ni kweli, neno kwa neno. Niliiweka pembeni. Nilimwambia. Aliposema wiki ijayo, nilihesabu siku saba kichwani, nikajiambia siku saba hazina neno, hiyo mashine imeshatetemeka miezi mitatu na haijamdhuru mtu. Barua ilikuwa karibu na kiwiko changu. Nikasaini.

Na kuna jingine ambalo meneja halijui. Kabla ya kuondoka nilishuka kuja kukuaga. Ulikuwa unaingiza mashuka, unamwigiza Mama Pacha anavyopiga chafya, watu wanacheka. Nilisimama mahali pale pale, nikaliona lile ungio la bomba likitoka jasho. Nilitaka kukuambia uombe kuhamia meza ya kukunja. Nikajua utauliza kwa nini, na wewe ukiuliza kitu kiwanda kizima kinasikia, na gari lilikuwa halijaondoka. Nikakwambia, "Jitunze." Ukasema, "Wewe ndiye unakwenda milimani, jitunze wewe."

Kwenye barua ya Mei niliandika sikuangalia kwa sababu nilitaka unichukie kiasi. Sikuweza kuvumilia unichukie yote. Kwenye tamko nikarudia uongo huo huo mbele ya hakimu, na wakili nimeshamwandikia kumwambia hivyo.

Sina la kujitetea.


Nyumbani
Jumatatu, 24 Novemba

Kaka,

Nimepokea.

Nilikuwa najua kabla sijafungua bahasha. Nilikuwa najua tangu pale mahakamani, kwa vile Bwana Kesho hana akili ya kubuni kitu kama "aliiweka pembeni". Lakini kujua kwa tumbo ni tofauti na kuona wino. Niliposoma habari ya lile ungio likitoka jasho, nilikwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma mpaka jua likanifuata pale nilipo.

Siku hiyo naikumbuka. Nilikuwa nimekasirika kidogo kwa kuwa uliniaga haraka haraka. Nilimwambia Mama Pacha, "Kaka yangu ameshaanza maringo ya mshahara mpya."

Mama nimemsomea yote. Hakusema "alau" safari hii. Alikwenda chumbani kwako, akakaa humo, akatoka, akapika. Jioni aliuliza kama umeandika unakula nini.

Upasuaji wa kwanza ni tarehe kumi na tano Desemba. Watakata pale shingoni na kuchukua ngozi ya pajani. Daktari amesema nitaweza kugeuza kichwa, uso hautarudi kuwa ule wa zamani, nisidanganyike. Nilimshukuru kwa kuniambia.

Siwezi kukuandikia kwamba nimekusamehe. Nikiandika itakuwa uongo, na uongo katika nyumba hii umetutosha. Nimejaribu pia kukuchukia yote, hiyo unayoiogopa. Asubuhi naweza. Ikifika mchana mtoto ananiuliza mjomba wake yuko wapi, namjibu yuko kazini, na ninasikia sauti yangu inavyojibu.

Kwa hiyo njoo. Nauli nimekutumia kwa njia ya simu, ni mkopo, utalipa. Njoo kabla ya tarehe kumi na tano, kabla hawajakata, uione ilivyo. Usilete zawadi, wala usije na hotuba uliyoipanga njiani. Fika mchana. Nitakaa karibu na dirisha, nitavua mtandio, na wewe utakaa upande wa kushoto uniangalie. Hutainamisha kichwa. Utaniangalia mpaka mimi niseme basi.

Baada ya hapo sijui. Pengine tutakula, pengine utarudi na basi la jioni.

Usinijibu kwa barua.

Chiriku